Tochi ilimulika wapi? Safu inayokosekana kwenye kanzidata za mikroRNA

Mwaka 2004 kundi la Thomas Tuschl pale New York lilitoa habari iliyowashtua wengi, kwamba kumbe virusi navyo vinatengeneza mikroRNA (vipande vifupi vya RNA vinavyozima jeni) zao wenyewe, na kirusi walichozikuta nazo ni Epstein-Barr, yani kile kile ambacho habari yake ilianzia huku huku kwetu, Kampala, hospitali ya Mulago, ambako daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliandika mwaka 1958 kuhusu watoto waliokuwa wanavimba taya kwa saratani, alafu sampuli zikapandishwa ndege mpaka London na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakakiona kirusi chenyewe kwenye hadubini. Sasa Tuschl na wenzake walipata mikroRNA ngapi? Tano. Leo tunajua kirusi hicho kina vipande mama 25 vya mikroRNA. Zile 20 nyingine zilikuwa wapi?

Hazikufichwa na mtu. Aina ya kirusi waliyoitumia inaitwa B95-8, imekuzwa kwenye seli za kima mdogo wa Amerika Kusini, na hiyo aina imepoteza kipande cha herufi kama 12,000 hivi kwenye jinomu yake, yani maandishi yote ya vinasaba vyake, na kwenye kipande hicho hicho kilichokatika ndo kuna mikroRNA nyingi za kirusi. Tena B95-8 ndo iliyosomwa herufi zote mwaka 1984 ikawa kama nakala rasmi ya dunia. Kwahiyo mtu yeyote ambaye angejenga kanzidata mwaka 2004, kwa uaminifu wote, bila kukosea hata herufi moja, angeandika 5, na asiyejua angesoma pale akaamini kirusi kina 5. Wenzao walipokuja kuangalia seli zenye kirusi kizima, mwaka 2005 na 2006, zikaanza kumiminika.

Nimeanza na hii stori kwa sababu kila nikifungua hizi kanzidata za sehemu lengwa za mikroRNA, yani mahali mikroRNA inaponata ili kuzima jeni, ndo inanijia kichwani. Mi naamini ni moja ya vitu vizuri sana vilivyojengwa kwenye baiolojia ya miaka hii ishirini na kitu, na nazitumia karibu kila wiki, lakini kuna swali moja haziulizwi vya kutosha: tochi ilimulika wapi? Mstari usipokuwepo, ni kwa sababu hakuna kitu, au ni kwa sababu hakuna aliyeangalia?

Kwa ambaye hii habari ni ngeni kwake, ngoja niiweke kwa ufupi. Jeni ikitaka kutengeneza protini inatoa kwanza nakala, RNA mjumbe, na huyo mjumbe ana sehemu inayosomwa ili protini itengenezwe, alafu ana mkia ambao hausomwi kuwa protini. MikroRNA ni kipande kifupi mno cha RNA, herufi kama 22 tu, kinabebwa na protini inayoitwa Agonauti, kinazunguka kinatafuta mkia wa mjumbe wenye herufi zinazooana na zake, kikiupata kinanata pale, na mjumbe anazimwa au anaharibiwa kabla hajafanya kazi yake yote. Victor Ambros na Gary Ruvkun ndo waliofungua huu mlango mwaka 1993 kwa kale kamnyoo kadogo kanakoitwa C. elegans, waliona lin-4 ina sehemu 7 za kuoana kwenye mkia wa lin-14, na kwa miaka karibu saba watu wengi wakadhani ni mambo ya minyoo tu, mpaka mwaka 2000 let-7 ilipokutwa kwa wanyama wengi pamoja na binadamu. Nobeli wakapewa 2024.

Kinachotushughulisha hapa ni ile sehemu ya mkia inaponata mikroRNA, ndo hiyo sehemu lengwa. Haihitaji herufi zote 22 zioane. Kwa wanyama, kinachobeba uzito mkubwa ni zile herufi za pili mpaka ya nane za mikroRNA, wenyewe wanaziita mbegu. Saba tu! Na hapo ndo utamu na shida vinapokaa pamoja.

Utamu kwanza. Kuna kondoo wanaitwa Texel, asili yao Uholanzi, wamejaa nyama mapajani mpaka unashangaa. Mwaka 2006 timu ya Michel Georges kutoka Liège, Ubelgiji, ilionyesha kwanini. Kwenye jeni ya mayostatini, ile inayozuia misuli isikue kupita kiasi, protini yenyewe haina kasoro yoyote, ila kwenye mkia herufi moja G imegeuka A, na hiyo herufi moja imezaa sehemu lengwa mpya ya miR-1 na miR-206, mikroRNA ambazo zimejaa kwenye misuli. Basi zinanata, mayostatini inapungua, misuli inakua. Herufi moja, tena kwenye eneo ambalo watu walikuwa wanaliona kama pindo la nguo tu. Ndo maana mtu anayesoma mabadiliko ya vinasaba akaishia kwenye sehemu inayotengeneza protini peke yake anaacha nje mambo mengi sana.

Sasa shida. Herufi za RNA ziko nne, kwahiyo neno la herufi saba linajitokeza kwa bahati tu mara moja katika kila herufi 16,384. Tuchukulie una jeni 20,000 na kila moja ina mkia wa herufi elfu moja, hiyo ni herufi milioni 20, gawanya, unapata sehemu kama 1,200 kwa mikroRNA moja bila sababu yoyote ya kibaiolojia, ni bahati tu ya herufi kukutana. Zidisha na mikroRNA 2,600 na zaidi za binadamu zilizoorodheshwa kwenye miRBase, orodha kuu ya mikroRNA, toleo la 22 la mwaka 2018, tayari una mistari zaidi ya milioni tatu. Kujaza kanzidata ni kazi ya mchana mmoja na laptopu ya kawaida. Kujaza sio kazi. Kazi ni kujua mstari upi unaweza kuuegemea.

Wajenzi wa kwanza walilijua hili vizuri sana na naheshimu walivyolishughulikia. TargetScan ya kina Lewis, Burge na Bartel, kuanzia 2003, iliuliza: hii sehemu ipo pia kwa panya, ng'ombe, mbwa? Kama imehifadhiwa miaka milioni kadhaa bila kubadilika basi kuna kitu inafanya, na mwaka 2009 kwa njia hiyo hiyo wakasema zaidi ya asilimia 60 ya jeni za protini za binadamu zina sehemu lengwa zilizohifadhiwa. Wengine wakapima nguvu za kunata, wengine wakaangalia kama mkia umejikunja pale mahali ukaziba njia. Upande wa pili kuna waliosema hapana, sisi utabiri hatuuandiki, tunaandika kilichopimwa maabara: TarBase ya timu ya Hatzigeorgiou ikatoka mwaka 2006, miRTarBase ya Taiwan ikaja 2011, watu wamekaa wanasoma makala moja moja wanatoa humo jina la mikroRNA, jina la jeni, na njia iliyotumika kupima. Hii kazi ya kusoma haipewi heshima yake, na bila hiyo tungekuwa tunaogelea.

Lakini hebu fikiria daftari la madeni la duka la Mangi. Limeandikwa "Mama Asha 5,000". Mama Asha yupi, mtaani wako watatu? Alichukua nini, lini, aliyeandika ni Mangi mwenyewe au yule kijana wa likizo? Mangi akiwepo hakuna tabu, yote yako kichwani mwake. Akisafiri, daftari linabaki karatasi. Kanzidata ya sehemu lengwa ni hivyo hivyo. "miR-fulani inazima jeni fulani" ni deni lisilo na maelezo. Ilionekana kwenye seli gani? Kwa kipimo gani? Ni sehemu ipi hasa ya mkia, herufi ya ngapi mpaka ya ngapi, kwenye toleo gani la jinomu, maana namba za toleo la 37 na la 38 hazilingani, ukichanganya unajikuta unaangalia jirani. Na jina lenyewe la mikroRNA, kipande mama kina mikono miwili inayoweza kutoa mikroRNA, zamani mkono mmoja ulikuwa unawekewa nyota, siku hizi tunaandika 5p na 3p, na ukikuta makala ya zamani imeandika jina tupu bila mkono unabaki kuhisi tu. Hata majina ya jeni yana kisa chake, Excel ilikuwa inageuza SEPT2 na MARCH1 kuwa tarehe, kwenye mafaili ya watu kweli, mpaka mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni ikaamua bora ibadilishe majina kuliko kugombana na Excel, zikawa SEPTIN2 na MARCHF1.

Na orodha ya mikroRNA zenyewe nayo haijatulia. Mwaka 2015 Bastian Fromm na wenzake walipitia mikroRNA 1,881 za binadamu zilizokuwa miRBase wakasema chini ya theluthi moja ndo zina ushahidi thabiti, hapo ndo ikazaliwa MirGeneDB, orodha iliyochujwa. Unaona inavyoshuka? Ukikosea msingi, sehemu lengwa zote ulizozijenga juu yake zinaning'inia hewani, na kanzidata nyingi za juu haziendi kufuta pale ya chini inapofuta.

Kwahiyo nikiambiwa nijenge yangu, safu ya kwanza nitakayoweka sio jina la jeni. Ni ushahidi na chimbuko lake. Kuna kipimo cha lusiferasi, unachukua mkia wa jeni unaubandika kwenye jeni inayotoa mwanga, unaweka mikroRNA, mwanga unashuka, alafu, na hapa ndo wengi wanakatiza njia, unaharibu makusudi zile herufi saba unaangalia kama mwanga unarudi. Usipofanya hatua ya mwisho hujathibitisha sehemu lengwa, umethibitisha tu kwamba kuna kitu kimeshuka. Makala mbili zote zimeandika "lusiferasi", moja imefanya mpaka mwisho na moja haijafanya, na kwenye safu zote mbili zinasomeka sawa. Hii inaniuma kweli. Kuongeza kisanduku kimoja cha ndiyo au hapana, "herufi ziliharibiwa?", ingebadilisha thamani ya maelfu ya mistari.

Njia za CLIP zilianza kutumika kwa Agonauti mwaka 2009 na kupanua mambo mara elfu. Unapiga seli mwanga wa urujuanimno, Agonauti inagandana na RNA iliyoishika, unaivuta, unasoma herufi. Mwaka 2013 Helwak na wenzake Edinburgh wakaenda hatua nyingine, CLASH, wakaunganisha mikroRNA na mjumbe wake kuwa uzi mmoja ndo wakausoma, hapo hakuna tena kukisia nani kamshika nani, na wakatoa miunganiko zaidi ya 18,000 kwa mkupuo. Ni kazi kubwa, na kilichonivutia zaidi ni kwamba mingi haikufuata ile sheria ya mbegu iliyonyooka. Lakini uliza swali la tochi. Seli walizotumia ni HEK293, ukoo wa seli uliotengenezwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1973, kutoka kwenye figo ya kijusi kimoja. Mmoja! Mistari zaidi ya 18,000 ya "binadamu" ni herufi za mtu mmoja, na ni mikroRNA zile tu ambazo seli za aina hiyo huwa zinazitoa. Hii sio kosa la Edinburgh, wao wameandika wazi kabisa. Kosa linazaliwa pale mstari unapoingia kwenye kanzidata kubwa, unapoteza neno HEK293 njiani na kubaki na neno "binadamu".

Na hata ndani ya mtu mmoja mkia haukai ulivyo. Mwaka 2008 Sandberg na wenzake walionyesha kwamba seli za kinga zikianza kugawanyika kwa kasi zinakata mikia ya wajumbe iwe mifupi, na mkia ukikatwa sehemu lengwa inaenda na kipande kilichoanguka, mikroRNA inakuja inakuta pa kunata hapapo. Seli za saratani zinafanya hivyo hivyo kwa jeni kadhaa. Sasa mstari unaosema "sehemu lengwa ipo" bila kusema kwenye tishu gani na mkia wa urefu gani, una ukweli wa nusu siku.

Haya tuje kwetu, maana hapa ndo moyo wangu ulipo. Mwaka 2011 Kulkarni, Mary Carrington na wenzao waliandika kuhusu HLA-C, moja ya zile jeni zinazoionyesha kinga vipande vya kirusi kilichoingia kwenye seli. Ilikuwa inajulikana kuna herufi moja mbali na jeni hiyo, herufi elfu 35 huko nyuma yake, inayoendana na watu wanaoweza kuidhibiti VVU, lakini hakuna aliyejua kwanini. Wao wakaonyesha kwamba ile herufi ni bango la barabarani tu, mambo yenyewe yako kwenye mkia wa HLA-C, ambako kuna watu wana sehemu lengwa ya miR-148 iliyo nzima na wengine imebadilika haishikiki. Ambao mikroRNA haishiki, wanatoa HLA-C nyingi juu ya seli na kirusi kinadhibitiwa vizuri zaidi. Sasa angalia: bango na kitu chenyewe vinatembea pamoja kwenye jamii moja, kwenye jamii nyingine vinaweza kuachana, kwasababu historia ya vinasaba vyao ni tofauti. Ukibeba bango lililopimwa kwa wazungu ukaja kulisoma kwa mtu wa Mbeya au Kisumu linaweza likakuelekeza njia isiyokuwepo. Ukibeba sehemu lengwa yenyewe, herufi kwa herufi, hiyo unaweza kwenda kuiangalia kwa mtu yeyote.

Na tofauti zetu ni nyingi. Mradi wa H3Africa kwenye makala yao ya mwaka 2020 walisoma jinomu za watu 426 kutoka makundi 50 ya Afrika wakakuta mabadiliko zaidi ya milioni tatu ambayo hayakuwahi kuandikwa popote. Watu 426 tu. Yapo yaliyoangukia kwenye mikia ya jeni, na katika hayo yapo yanayofuta sehemu lengwa ya mtu na yapo yanayozaa mpya kama ile ya kondoo wa Texel. Kanzidata zinazoshughulikia mabadiliko ya aina hiyo zimewahi kujengwa, PolymiRTS na Patrocles ni mifano, kwahiyo wazo sio geni. Ila kanzidata ikianzia kwenye jinomu moja ya marejeo, sehemu lengwa ambayo ipo kwa Waluhya na haipo kwenye marejeo haiwezi kuonekana hata upekue mpaka asubuhi, maana programu ilipita pale na haikukuta herufi saba.

Kuna mfano mwingine ambao kila nikimwambia mtu wa hapa anakaa kimya kidogo. Tunajua wenye nusu ya selimundu, waliorithi jeni moja tu, malaria kali haiwapati kirahisi, na Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa wenyewe. Mwaka 2012 timu moja ya chuo kikuu cha Duke, Marekani, ilikuta kwamba mikroRNA za binadamu zilizomo kwenye chembe nyekundu, hasa miR-451, zinavuka kuingia ndani ya vimelea vya malaria, zinajiunga na RNA za kimelea na kuzuia zisisomwe, na kwenye chembe zenye selimundu zinakuwa nyingi zaidi. Kimelea chenyewe hakina mashine ya mikroRNA hata kidogo. Hii haielezi kinga yote ya selimundu, zipo njia nyingine, lakini ni mikroRNA ya binadamu inayofanya kazi kwenye RNA ya kiumbe mwingine kabisa. Ungeitafuta wapi kwenye kanzidata iliyopangwa kwa spishi, ambayo inakuuliza kwanza "chagua kiumbe" na ukishachagua binadamu inakuletea jeni za binadamu tu? Hapo muundo wa jedwali umeshaamua jibu kabla swali halijaulizwa.

Ndo maana nasema safu za chimbuko sio mapambo. MikroRNA iwe na kiumbe chake, mjumbe naye awe na kiumbe chake, safu mbili tofauti. Seli ipi, tishu ipi, ya mtu wa jamii ipi kama imejulikana. Kipimo gani na kilifika hatua gani. Urefu wa mkia uliotumika. Herufi zenyewe zinakiliwe mle ndani, sio namba ya mahali peke yake, maana matoleo ya jinomu yatabadilika ila herufi saba ulizoziona umeziona. Na kuwe na mistari ya "tulipima hatukukuta", ambayo TarBase na miRTarBase wanayo kiasi, lakini ni michache kwasababu majarida hayapendi kuchapisha ambacho hakikutokea, wakati kwa anayefundisha programu kutabiri ile mistari ni dhahabu, utamfundishaje mtu kutofautisha embe bivu na bichi kama umemwonyesha mabivu tu.

Wanafunzi wananiuliza, tuanzie wapi na hatuna mashine ya kusoma jinomu wala bajeti ya CLIP. Kuna jinomu za wazi kabisa kwenye mradi wa 1000 Genomes, toleo la mwaka 2015 lina watu 2,504 wa jamii 26, na jamii ya Afrika Mashariki iliyomo ni moja tu, Waluhya wa Webuye, Kenya, msimbo wake LWK. Faili lao linapakuliwa bure. Mikia ya jeni inapakuliwa bure. Mbegu za mikroRNA za MirGeneDB, ambazo zimechujwa, bure. Unachukua kila herufi iliyobadilika ndani ya mkia, unatengeneza neno la kabla na la baada, unauliza kama kuna mbegu imepotea au imezaliwa, alafu kila mstari unaandika umetoka Webuye, watu wangapi wamebeba hiyo herufi, na kwenye safu ya kipimo unaandika wazi: haijapimwa. Laptopu inatosha, usiku mmoja au miwili. Kisha mistari michache yenye nguvu, labda ile inayogusa jeni za kinga au za chembe nyekundu, ndo inapelekwa maabara kwenye lusiferasi, na herufi zinaharibiwa mpaka mwisho.